Mlo Uliotoka Nje: Nyama Choma ya Kibeta na Maneno Yake

Kwetu tulikula mlango ukiwa umefungwa. Sisemi kwa mfano; nasema mlango wa mbao, wenye komeo. Ndizi zikiisha kuiva na kupakuliwa juu ya majani ya mgomba, mtoto mmoja alitumwa kuurudisha mlango, ndipo mikono ikanawishwa. Mpita njia hakupaswa kuona kinacholiwa wala kiasi chake, na kula huku unatembea barabarani kulikuwa aibu ambayo mtu angekumbushwa kwa miaka. Leo, katika kata ya Kibeta, Manispaa ya Bukoba, Jumamosi jioni utazikuta familia nzima, bibi hadi kitukuu, zimeketi kwenye viti vya plastiki uani mwa baa, nyuso zikielekea barabarani, sinia la nyama choma katikati. Kila apitaye anaona. Historia za mkoa wetu zimejaa watawala, wamisionari na kahawa. Badiliko hili halijapata hata aya moja. Nami naliona kubwa, na kwa kuwa limetokea ndani ya lugha sawasawa na lilivyotokea mezani, nalileta mbele ya wasomaji wa hapa.

Brad Weiss, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyechapisha kitabu juu ya maisha ya Wahaya mwaka 1996, alitenga nafasi kubwa kwa upishi na ulaji, kana kwamba huwezi kuieleza jamii hii pasipo kueleza jiko lake. Nakubaliana naye. Kwa Mhaya chakula ni ebitoke, yaani ndizi za kupika. Vingine vyote, hata viwe vitamu namna gani, ni vya kusindikiza. Mtu aliyekula nyama bila ndizi husema hajala. Kiswahili cha bara kinayo fikra hiyohiyo ndani ya neno mboga. Mgeni kutoka pwani hushtuka anapouliza, “Leo mboga nini?” akajibiwa, “Nyama.” Kwake mboga ni majani, na nyama ni kitoweo. Bara mboga ni cheo, wala si mmea: ni chochote kinachokaa pembeni mwa chakula chenyewe. Maharage ni mboga, dagaa ni mboga, ng'ombe mzima akipikwa ni mboga.

Sasa litazame sinia la Kibeta. Nyama imejaa katikati, imekatwakatwa, chumvi imerundikwa ukingoni, pilipili na ndimu kando. Ndizi zipo, mbili tatu, zimechomwa mpaka zikapata madoa meusi, zimewekwa pembeni. Sarufi ya mlo imepinduliwa: iliyokuwa mboga imekuwa chakula, na kilichokuwa chakula kimekuwa mboga. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyepiga kura.

Ili kuona ukubwa wa jambo hili inafaa kukumbuka kwa nini nyama ilikuwa adimu katika nchi iliyokuwa na ng'ombe. Mvua ya Bukoba, ambayo kwa mwaka hukaribia milimita 2000, hunywesha na pia hunyang'anya; rutuba huoshwa ardhini mvua ikipita. Kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, husimama kwa samadi na nyasi zinazotandazwa mwaka baada ya mwaka. Ng'ombe, basi, alikuwa na thamani kwa kile alichoacha zizini kila asubuhi kuliko kwa nyama yake. Kumchinja pasipo sababu kubwa kulikuwa sawa na kuukata mgomba kwa mizizi. Halafu miaka ya mwanzo ya 1890 ikaja sotoka, gonjwa lililofagia mifugo kuanzia pembe ya Afrika hadi kusini, na Karagwe na majirani zake hawakusalimika. Vibanja navyo vilikufa njaa, kwa sababu vililishwa na mazizi.

Mwaka 1890 huohuo Emin Pasha alijenga kituo cha Wajerumani ufukweni mwa Nyanza, nacho ndicho kilichokuwa mji wa Bukoba. Kiswahili hakikumsubiri yeye. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, Karagwe, tangu katikati ya karne hiyo. Lakini mji huleta kitu ambacho msafara hauleti: watu wasio na kibanja. Askari, karani na mpagazi hana mgomba nyuma ya nyumba, hana mlango wa kuufunga, na tumbo analo. Huyo ndiye mlaji wa kwanza wa hadharani. Baadaye kahawa ikawapa wakulima fedha taslimu, Chama cha Ushirika cha Bukoba kikaanzishwa mwaka 1950, na bucha zikawa sehemu ya kila kituo cha biashara. Neno lenyewe, bucha, linasema lilikotoka. Nyama ikawa kitu cha kununuliwa kwa ratili, baadaye kwa kilo, pasipo kumwua ng'ombe wako mwenyewe. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa 1978, ng'ombe walikuwa miongoni mwa nyara za kwanza. Wazee wengi wa kaskazini mwa mkoa huianza hadithi ya vita kwa kuhesabu mifugo. Kisha ikaja ile miaka ya uchumi kufunguliwa, baa za watu binafsi zikaota, na kila baa ikataka jiko la nje.

Naomba nisimame kidogo kwenye mkaa, maana hapa pana jambo ambalo wenyewe hatulijui vya kutosha. Katuruka, karibu na Maruku, na sehemu nyingine za ufuko huu wa ziwa, watu waliyeyusha chuma kwa mkaa yapata miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science jinsi wazee wa Kihaya walivyojenga tena tanuri la kale na kulitia moto mbele yao, mabomba ya udongo yakiingizwa ndani kabisa ya tanuri ili hewa ya mivuo ipate joto kabla haijaufikia mkaa. Hao ni mababu wa mchoma nyama wa Kibeta anayepepea jiko lake kwa kipande cha boksi. Mkaa tulikuwa nao, ustadi wa moto tulikuwa nao, lakini nyama iliingia chunguni pamoja na ndizi. Moto mkali ulikuwa wa chuma.

Nageukia maneno. Kitenzi choma kina kazi mbili. Mwiba huchoma, sindano huchoma, mkuki huchoma. Tena jua huchoma, pasi huchoma shati, na mchomaji huchoma nyama. Wapo wanaoyatenga haya kuwa maneno mawili yaliyokutana kwa bahati. Mimi nayaona ni moja, na ukoo wake unanishuhudia: chomeka ni kuingiza kitu chenye ncha, chomoa ni kukitoa, chomoka ni kutoka kwa ghafla, chomoza ni kujitokeza kama ncha ya kitu. Jua huchomoza asubuhi kabla ya kuchoma adhuhuri. Moto, katika lugha hii, ni kitu chenye ncha. Na nyama ya kwanza kuchomwa bila shaka ilichomwa mara mbili: kwa kijiti, kisha kwa ndimi za moto.

Tulikuwa na maneno mengine, tena sahihi zaidi. Kubanika ni kuitandaza nyama au samaki juu ya vijiti, au kuibana kwenye kijiti kilichopasuliwa, iive polepole kwa joto na moshi. Kuoka ni kazi ya joto lisilogusa, na neno hili ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Waganda, majirani zetu, wanasema kwokya kwa kuchoma. Lakini oka amehamia kwenye mikate, na banika amebaki vitabuni na kwa wavuvi wachache. Choma amewameza wote. Hata mshikaki, ambao kwanza ni kile kijiti na kisha nyama iliyotungwa juu yake, umepata maisha mapya usiyoyatarajia: bodaboda akipakia abiria wawili au watatu nyuma yake, watu husema amepakia mshikaki. Mshairi gani aliyepata tashbihi hiyo kwa kukaa na kalamu?

La rosti ndilo hunichekesha. Waingereza walitupa neno lao la nyama ya kuchomwa, tukalipokea kwa heshima, tukalitia ndani ya sufuria yenye nyanya na vitunguu. Leo ukiagiza rosti Bukoba utaletewa nyama yenye mchuzi mzito. Neno lilivuka bahari likiwa kavu, likafika limelowa.

Nilikuwa nikiyawaza hayo kwa upweke mpaka jioni moja tulipokwenda kula Kibeta, watu tisa wa ukoo mmoja. Mama yangu alikuwapo, na dada yangu na mumewe ambaye ni Mwislamu, na watoto, na mtoto wa kaka yangu anayeuza nguo Kariakoo na kusafiri hadi Guangzhou kufuata mizigo. Kwa ajili ya shemeji tuliagiza mbuzi. Mhudumu, kijana mwepesi, alimwamkia mama shikamoo, akachukua maagizo bila kuandika, kisha akageukia jikoni na kupaza sauti:

“Kilo mbili nyama choma, ndizi sita, pilipili!”

Hesabu, msomaji. Kilo mbili nyama choma: mizani nane. Ndizi sita, pilipili: mizani nane. Ni mshororo kamili, wenye ukwapi na utao, kina cha kati ma na cha mwisho li, uliotungwa na mtu aliyekuwa na sahani nne mkononi. Na angalia alichokifanya ili mizani itimie. Walimu wetu wa sarufi hutuambia kwamba nyama choma ni Kiswahili kilichovunjika. Eti ni nyama ya kuchoma, au nyama iliyochomwa. Ya kwanza ina mizani sita, ya pili saba. Tia mojawapo katika wito wa yule kijana, upate guni. Alichofanya ndicho washairi wamekifanya kwa karne nyingi na kukiita inkisari: kulipunguza neno ili sauti isimame. Jikoni pana kelele, moto hausubiri viunganishi. Hivyo tukapata nyama choma, ndizi choma, mahindi choma, chipsi mayai. Muundo mzima wa majina uliozaliwa kwa kupaza sauti. Mimi simlaumu mtu kwa nyama choma. Namlaumu anayeiandika kwa kistari.

Nyama ilipokuwa ikisubiriwa, mtoto wa kaka alianza kutuhadithia nyama choma ya Guangzhou. Alimtaka radhi baba yake mdogo kwanza, maana hadithi yenyewe ilimhusu yule mnyama ambaye mtaani huitwa kitimoto, au mdudu, au mbuzi katoliki. Alisema migahawa ile huzitundika nyama dirishani nyuma ya kioo, bata wekundu wanaong'aa na vipande virefu vya nguruwe, na familia huketi meza ya duara wakashirikiana sahani za katikati. Nguruwe yule huitwa chasiu. Nilimwuliza maana yake. Alijua, kwa sababu mfanyabiashara hujifunza majina ya vyakula kabla ya majina ya mitaa. Cha ni uma, siu ni kuchoma kwa moto: nyama iliyochomekwa kwenye uma na kuchomwa.

Nilikaa kimya kidogo. Wachina wa Guangzhou walihitaji maneno mawili kusema kile ambacho kitenzi chetu kimoja kinakisema peke yake. Na Waturuki nao, wanaposema shish, wanataja kijiti kabla ya nyama. Uma wetu wenyewe umekaa jirani na kitenzi kuuma. Kila mahali moto na ncha vimefunga ndoa, lakini katika Kiswahili tu, kwa ninavyoona mimi, vimekuwa mwili mmoja.

Wachina wana jambo jingine ambalo mshairi yeyote atalionea wivu. Katika maandishi yao ipo alama ya kale ya nyama ya kuchoma, na imejengwa kwa alama mbili: nyama juu, moto chini. Alama hiyo imo katika nahau yao ya maneno manne, ambayo hutumika kulisifu shairi linalopendwa na kukaririwa na watu wote. Husema shairi hilo ni kama nyama iliyokatwa laini na nyama iliyochomwa, vinywani mwa watu. Sisi tunasema shairi limekolea, au limeiva, tumelisifia chunguni. Wao wamelisifia mekoni.

Sinia lilipofika, mama aliomba jambo moja. Aliniambia kwa Kihaya nimgeuzie kiti. Nilimgeuzia, mgongo ukaelekea barabarani na uso ukaelekea ukuta wa baa, na hapo ndipo alipoanza kula. Hakulalamika. Alikuwa amefunga mlango kwa namna aliyoweza.

Kisha akachukua ndizi, akaimenya kipande kilichoungua, akaonja, akauliza kwa Kihaya ni ndizi gani. Hakuna aliyejibu. Wajukuu hawakuelewa swali. Dada yangu alielewa lakini hakujua jibu, nami pia. Nikamwita mhudumu, nikamtafsiria. Yule aliyetoka kutunga mshororo kamili alifikiri kidogo, akasema kwa adabu, “Ni ndizi tu, bibi.”

Ndizi tu! Katika kibanja cha mama yangu mlikuwa na nshakala, mlikuwa na enchoncho, mlikuwa na nyoya, na nyingine nyingi, kila moja na ladha yake, na mgeni wake, na chungu chake. Mtoto aliyakalili majina hayo akiwa amekaa chini, mlango umefungwa, kwa sababu chumbani humo hapakuwa na kitu kingine cha kutazama ila sahani na midomo ya wakubwa. Mlo ulikuwa darasa la Kihaya. Ulipotoka nje ulikuta Kiswahili kimeshaandaa viti: kilo, nusu, sinia, kachumbari, jiko, mhudumu, bili. Hakuna neno hata moja la mezani pale Kibeta linalohitaji Kihaya. Wajukuu wa mama yangu wanajua majina matatu ya mtaani ya nyama ambayo baba yao haili, na hawajui jina hata moja la ndizi inayolimwa nyuma ya nyumba yao.

Wala si mdomo tu uliosahau. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulikwisha kuripotiwa Kagera, Wilaya ya Muleba ikiwamo, na dawa iliyojulikana ilikuwa panga: kuung'oa mgomba unaoumwa, kuuzika, kuosha chombo kabla ya kugusa mwingine. Kuna vibanja vilivyopoteza aina nzima za ndizi. Jina la kitu kisichokuwapo tena shambani husalia kwa bibi, halafu husalia kwa mtafiti, halafu husalia kwenye orodha. M. M. Mulokozi aliziokoa tendi za nanga za Wahaya kwa kuziandika wakati waimbaji wake wangalipo. Majina ya ndizi hayana vina wala kishujaa ndani yake, na kwa hiyo yanaweza kupita bila kumtia mtu uchungu.

Mimi ni mpenzi wa Kiswahili, na sitajifanya kuomboleza kwa kuwa familia yangu inakula pamoja. Nyuma ya mlango ule uliofungwa wanaume walipewa vipande walivyostahili na watoto wa kike walisubiri vilivyosalia. Pale Kibeta dada yangu alichagua mbavu yeye mwenyewe, akaziomba tena. Mama alicheka kwa hadithi ya bata wa Guangzhou mpaka akajifuta machozi. Shemeji ndiye aliyelipa, jambo ambalo katika nyumba ya wakwe lisingewezekana.

Ila siku ya pili yake nilikwenda kibanjani na daftari. Mama alitembea mbele na fimbo, akigusa kila shina na kulitaja, nami nikiandika. Tulifika kumi na moja. Mbele ya la kumi na mbili alisimama kwa muda, akasema jina lake alilijua mama yake. Wasomaji wa Muleba, Misenyi na Karagwe, hasa wale wa Kamachumu ambako migomba ni mizee kuliko makanisa, niandikieni: ni ndizi fupi, ngozi yake ina wekundu karibu na kikonyo, na ikichomwa hutoa harufu ya asali.